Uzi: Pumu ya ngozi haiambukizi, kwa nini basi inamzuia kijana kuingia jeshini?

DadaSakina (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kiume amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaani yale mafunzo ya lazima. Tangu akiwa mtoto ana ugonjwa ambao nyumbani tunauita pumu ya ngozi, na ambao kwenye kadi yake hospitalini umeandikwa kuwa ni ukurutu. Humshika kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Ukitulia, ngozi hubaki nyeusi na nene kidogo. Ukiamka, hujikuna usingizini hadi asubuhi shuka lina madoa ya damu. Hajawahi kulazwa kwa sababu hiyo, na katika mbio za nyika za shule alikuwa mtu wa kutegemewa.

Hofu yetu haiishii JKT. Baada ya hapo anataka kuomba kazi katika jeshi la ulinzi lenyewe, JWTZ, na akiruhusiwa asome uafisa pale Monduli. Kijana wa jirani yetu, mwenye ugonjwa wa namna hiyo hiyo, alirudishwa kwenye usaili wa chombo kimoja cha ulinzi mara tu alipovua shati, ingawa alikuwa na barua ya daktari inayosema kwamba hauambukizi. Hakuelezwa sababu yoyote. Tangazo lilisema tu kwamba mwombaji awe na afya njema na akili timamu. Ninaomba nieleweshwe: ikiwa kijana anakimbia, anabeba, anaona na kusikia vizuri, na ugonjwa wake hauwezi kumpata mwenzake, jeshi linakataa nini hasa?

MzeeKibosho (Moshi)

Mwanangu, jeshi ni sare, na sare haiishii kwenye nguo. Anayekagua gwaride anataka safu nzima ionekane moja, na mtu mwenye mabaka shingoni au mikononi anaonekana kutoka mbali. Tulipokuwa JKT miaka ya themanini, kitu cha kwanza tulichofanyiwa ni kunyolewa vichwa, na hapo ndipo mapunye na makovu ya kila mtu yalipojitokeza hadharani. Sisemi kwamba ni haki. Ninasema kwamba macho ya msaili huanza kazi kabla ya kipimo chochote, na kijana wa jirani yenu alikataliwa kwa macho.

KijanaUngaLtd (Arusha)

Mzee, shikamoo. Miaka ya themanini hakukuwa na mujibu wa sheria, maana huo umeanza mwaka 2013. Labda wewe ulikuwa wa kujitolea.

AfandeMstaafu (Moshi)

Kijana, ulianza kabla hujazaliwa. JKT iliundwa tarehe 10 Julai 1963, na sheria yake ilipitishwa mwaka 1964. Mafunzo ya lazima kwa wasomi yaliendelea hadi yaliposimamishwa mwaka 1994, na kilichofanyika mwaka 2013 ni kuyarejesha. MzeeKibosho anasema kweli kuhusu vichwa, ila kuhusu sababu nitarudi baadaye.

KijanaUngaLtd (Arusha)

Nimekupata, afande. Shikamoo mara mbili kwa mzee wangu wa Kibosho.

TabibuRau (Moshi)

Dada, asante kwa kueleza vizuri. Mimi ni tabibu wa magonjwa ya ngozi, nilisomea katika kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC hapa Moshi, ambacho tangu mwaka 1992 kimekuwa kikipokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa heshima zote kwa mzee wetu, sare ni sehemu ndogo ya jambo hili.

Ukurutu wa aina aliyonayo mdogo wako hutulia nyumbani na kulipuka ugenini. Ngozi yake haihifadhi maji ipasavyo, kwa hiyo kila kinachoikausha, iwe ni sabuni kali, vumbi, au upepo wa baridi wa Juni na Julai, huifanya ipasuke. Jasho linalokaa kwenye mikunjo chini ya kombati nzito huanzisha muwasho. Akishajikuna, bakteria aina ya stafilokokasi, ambao kwa wagonjwa wa ukurutu huwa wamejaa juu ya ngozi hata siku ambazo hawaonekani kuumwa, hupata njia ya kuingia. Hapo ugonjwa usioambukiza huzaa majipu na vidonda vya usaha, na hivyo vinaweza kabisa kumwambukiza aliyelala kitanda cha jirani. Barua ya daktari inaposema kwamba hauambukizi, inasema kweli kuhusu ukurutu wenyewe, lakini haisemi chochote kuhusu kitakachoota juu yake bwenini.

Jambo hili linafahamika katika historia ya vita. Wanajeshi wa Marekani waliopigana kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya delta ya Mekong, huko Vietnam, katika miaka ya sitini, waliondolewa kazini kwa wingi na magonjwa ya miguu na ngozi, na wengi wao walikuwa wameingia jeshini wakiwa na ngozi nzima kabisa.

KurutaWaJuzi (Arusha)

Nimemaliza JKT hivi karibuni, na ninaomba nieleze inavyokuwa ili dada apate picha. Mchakamchaka huanza kabla ya jua kuchomoza, mnarudi mmelowa jasho, na mara nyingi mnaingia kwenye usafi au kwata mkiwa na fulana ile ile. Maji ya kuoga yapo, lakini muda wa kuoga ni mfupi na watu ni wengi, kwa hiyo mtu anayehitaji kuoga taratibu, kujikausha kwa kugusagusa na kujipaka mafuta mwili mzima huku ngozi ikiwa bado na unyevu, atakuwa bado anajipaka filimbi ikilia.

Kwenye orodha ya vifaa tunavyoagizwa kwenda navyo kuna bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu. Mwenzetu mmoja alikuwa na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa kudumu unaoleta mabaka yenye magamba, iliyokuwa imelala kwa muda mrefu. Kabla mafunzo hayajafika katikati, mstari wa rangi ya zambarau wenye magamba meupe ulikuwa umemzunguka kiuno pale pale mpira ulipokuwa unabana, na mwingine ukatokea juu ya kifundo cha mguu, mahali ukingo wa buti unapogusa. Aliposhusha bukta kidogo kumwonyesha mganga wa kambi, ungedhani mpira umechorwa kwenye ngozi.

Lakini hakurudishwa nyumbani. Alipewa ED, yaani ruhusa ya mgonjwa kupumzishwa kazi, akavaa raba badala ya buti kwa muda, na akamaliza mafunzo pamoja nasi. Ndiyo maana nasema JKT ya mujibu wa sheria si jambo la kumtisha mdogo wako. Huko hawatafuti mtu wa kumkataa.

TabibuRau (Moshi)

Jambo hilo umelielezea vizuri kuliko vitabu. Daktari wa Kijerumani Heinrich Koebner alilieleza katika karne ya 19: soriasisi huota mahali ngozi iliposuguliwa au kujeruhiwa. Mkanda, buti, kamba za begi la mgongoni na kitako cha bunduki begani vyote husugua. Kwa askari wa soriasisi, vifaa vya kazi vyenyewe ni sehemu ya ugonjwa.

MangiMajengo (Moshi)

Nami nimo. Nina soriasisi tangu kidato cha pili. Ilinianza baada ya kuumwa koo vibaya, vikatokea vidoti vidogo vidogo kifua kizima ndani ya muda mfupi. Niliomba JKT kwa kujitolea nikarudishwa. Tofauti yangu na wengine hapa ni kwamba nimekwisha kukubali uamuzi ule, ila sababu ninayoiamini si ya sare wala ya majipu.

Ninatumia methotreksati mara moja kwa wiki, na kila baada ya muda lazima nipimwe damu na ini. Dawa yenyewe hupunguza kinga ya mwili. Sasa nipange lindo kwenye pori la mpakani, mbali na maabara yoyote: nani atanipima ini? Nikikosa dawa kwa sababu gari la ugavi limekwama, ugonjwa utarudi nikiwa na bunduki mkononi. Jeshi linataka mtu ambaye linaweza kumsahau kwa miezi kadhaa bila yeye kuharibika, na mimi si mtu huyo. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniambia hivyo. Niliambiwa tu, "Wewe pita huku," na huku kwenyewe kulikuwa ni kuelekea getini.

MzeeKibosho (Moshi)

Pole sana, mangi. Lakini hao waliokuambia upite huku walijuaje habari za methotreksati kabla hujafungua mdomo? Si kwa macho?

MangiMajengo (Moshi)

Meku, hapo umenibana. Waliona viwiko.

MamaNjiro (Arusha)

Poleni na majukumu. Mimi nadhani tunasahau maji. Huku kwetu Arusha maji yana floridi nyingi, hasa upande wa Meru, na ndiyo maana vijana wetu wana ngozi mbaya na wanakataliwa kuliko wa mikoa mingine. Mdogo wako akipelekwa kambi ya mkoa mwingine atapona mwenyewe.

TabibuRau (Moshi)

Dada yangu, floridi ya maji ya Meru ni tatizo la kweli, lakini inashambulia meno na mifupa. Ndiyo inayoleta meno ya kahawia na, kwa wanaoyanywa miaka mingi, miguu iliyopinda. Haileti ukurutu. Kuhusu kubadili mkoa, usemi wako una ukweli upande mmoja tu. Akipangiwa Mafinga atakutana na baridi inayokausha ngozi, akipangiwa Makutupora atakutana na joto na jasho, na kila hali ina namna yake ya kumsumbua. JKT wenyewe huwaagiza wanaokwenda mikoa ya baridi wabebe nguo za kuzuia baridi. Kwake yeye, zisiwe za sufu inayogusa ngozi moja kwa moja. Ndani avae pamba.

KijanaUngaLtd (Arusha)

Wakuu, mbona tunazunguka mbali? Kuna krimu za kwenye vikopo zinauzwa sokoni, zisizo na lebo, ambazo ukijipaka wiki mbili ngozi inakuwa laini kama ya mtoto. Wengine huchomwa sindano au humeza vidonge vya prednisoloni siku chache kabla ya usaili. Anaingia ngozi safi, anapita, mengine yatajulikana mbele ya safari.

TabibuRau (Moshi)

Ninaomba yeyote anayesoma uzi huu akiwa na usaili mbele yake asome jibu hili lote.

Krimu hizo mara nyingi zina steroidi kali. Zikitumiwa ovyo huipunguza ngozi unene, huacha michirizi isiyofutika kwenye mapaja na kwapa, na kama kilichokuwepo ni fangasi na si ukurutu, huficha muwasho huku choa kikisambaa chini kwa chini bila umbo lake la kawaida, kiasi kwamba hata sisi tunapata shida kukitambua. Hiyo ndiyo nafuu. Hatari kubwa zaidi ni vidonge na sindano kwa mwenye soriasisi. Steroidi za kumeza zikisimamishwa ghafla, soriasisi ya kawaida inaweza kugeuka ikawa ya usaha, mwili mzima ukajaa malengelenge madogo, mgonjwa akawa na homa kali na akahitaji kulazwa haraka. Fikiria hilo likimpata kijana katika wiki ya kwanza ya mafunzo, mbali na kwao, huku akiogopa kusema alimeza nini. Watu hufa kwa namna hiyo.

DadaSakina (Arusha)

Nakushukuru, tabibu. Nimemsomea mdogo wangu jibu hilo kwa sauti. Nina swali moja: kama anatumia krimu ya haidrokotisoni pekee, tena kwa maelekezo, hoja ya MangiMajengo kuhusu kinga ya mwili haimhusu, sivyo?

TabibuRau (Moshi)

Haimhusu. Krimu hafifu kwenye mikunjo si sawa na kumeza methotreksati. Kwa ukurutu wa kiasi chake, mafuta ya mgando yasiyo na manukato, ambayo ni ya bei nafuu na hayaharibiki kwa joto, ndiyo yanayofanya kazi kubwa, na krimu ni ya siku za mlipuko tu.

MsomajiMianzini (Arusha)

Naona kuna sababu nyingine ambayo haijaguswa, nayo ni chanjo. Miongozo ya jeshi la Marekani inataja ukurutu na soriasisi kwa majina miongoni mwa hali zinazoweza kumzuia mwombaji, ikiweka pia njia ya kuomba apewe msamaha maalumu. Sehemu ya historia ya tahadhari hiyo ni ndui. Chanjo ya zamani ya ndui ilitumia kirusi hai, na kwa mtu mwenye ukurutu kirusi hicho kingeweza kusambaa ngozi nzima na kumuua. Marekani ilipoanza tena kuwachanja askari wake dhidi ya ndui mwezi Desemba 2002, wenye historia ya ukurutu walitengwa. Mwaka 2007 mtoto wa miaka miwili mwenye ukurutu aliugua vibaya sana na kulazwa Chicago, baada ya kuambukizwa kirusi hicho na baba yake, askari aliyekuwa amechanjwa. Mtoto alipona, lakini tukio lile lilionyesha kwamba hatari haimhusu askari peke yake.

MzeeKibosho (Moshi)

Kovu la chanjo hiyo ninalo begani hadi leo. Lakini ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Kijana wa Sakina anahusikaje?

MsomajiMianzini (Arusha)

Mzee wangu, kwa ndui hahusiki. Lakini askari wetu hutumwa nje. Mwaka 2013 Tanzania ilipeleka askari katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na huko chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima. Hiyo nayo ni chanjo ya kirusi hai, na hawapewi watu ambao kinga yao imepunguzwa na dawa. Askari asiyeweza kuchanjwa hawezi kutumwa. Kuna pia doksisaiklini, ambayo majeshi mengi huwapa askari kujikinga na malaria. Inaifanya ngozi iungue kwa jua haraka. Na klorokwini ya zamani ilikuwa inajulikana kwa kuamsha soriasisi.

TabibuRau (Moshi)

Ni sahihi, ila niongeze ili watu wasitishike: ukurutu peke yake hauzuii chanjo ya homa ya manjano. Kinachozuia ni dawa za kushusha kinga.

AfandeMstaafu (Moshi)

Niliahidi kurudi. Nimesoma hoja zote, na zote zina uzito, lakini ninaona zinampa msaili sifa ya kufikiri mambo mengi asiyokuwa na muda wa kuyafikiri. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza. Nafasi ni chache, waombaji wamejaa uwanja mzima tangu alfajiri, na kila mmoja ana cheti halisi na miguu yenye nguvu. Kazi yako siku hiyo ni kupunguza. Ukiwa na vijana wawili wanaolingana kwa kila kitu na mmoja ana baka kwenye kiwiko, hujiulizi habari za Koebner wala methotreksati. Unamchukua asiye na baka.

Ninacho kielelezo. Nimetumikia na watu waliopata soriasisi na ukurutu wakiwa wamekwisha kuapishwa, wakiwa na vyeo. Hawakufukuzwa. Walitibiwa, wakapangiwa kazi inayowafaa, na wengine nimestaafu nikiwaacha kazini. Kama kweli ugonjwa ungekuwa unamfanya mtu asiweze kuwa askari, hao nao wasingeweza.

MangiMajengo (Moshi)

Afande, shikamoo. Lakini aliyekwisha kuapishwa jeshi limeshamgharamia mafunzo. Kumtibu ni nafuu kuliko kufundisha mwingine. Mimi getini sikuwa nimegharimu chochote, kwa hiyo hoja yako haiivunji yangu.

AfandeMstaafu (Moshi)

Marahaba. Haiivunji, naikubali. Ila inaonyesha kwamba tatizo si uwezo wa kufanya kazi.

MamaSoweto (Moshi)

Ninaomba kuchangia kwa sababu jambo hili liko nyumbani kwangu. Binti yangu ana vitiligo: mabaka meupe kuzunguka macho, kwenye vidole na magotini. Haimwashi, haitoi usaha, hatumii dawa yoyote ya kumeza, na hajawahi kukosa siku ya shule kwa ajili yake. Kwenye usaili alimaliza mbio akiwa miongoni mwa wa mbele, kisha akaitwa pembeni na kuambiwa arudi nyumbani. Hakuna sababu hata moja kati ya zile za tabibu inayomgusa. Bakteria hapana, dawa hapana, chanjo hapana, buti hapana. Ninaelekea kukubaliana na mzee wa Kibosho, na inaniuma, kwa sababu binti huyu hajui kuficha uso wake na sitaki ajifunze.

TabibuRau (Moshi)

Mama, pole sana kwako na kwa binti. Nina jibu la sehemu tu. Mabaka ya vitiligo huungua kwa jua, kwa hiyo mtu wa kazi za nje huhitaji kofia pana na losheni ya kukinga jua, ile ile ambayo KCMC imekuwa ikitengeneza kwa ajili ya wenye ualbino. Pia kuna uwezekano kwamba aliyemkagua aliogopa ukoma, kwa sababu nao huanza na baka lililopauka. Lakini kuvitofautisha ni jambo la kufanyika hapo hapo: baka la ukoma hupoteza hisia, la vitiligo halipotezi. Unamgusa kwa ncha ya pamba akiwa amefumba macho, anakuambia umemgusa wapi, na shaka imekwisha. Kama hakuguswa hata kwa pamba, basi sioni sababu ya kitabibu ya kumrudisha.

KurutaWaJuzi (Arusha)

Kuna hofu nyingine ya siku hizi. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze dharura ya homa ya nyani mwezi Agosti 2024, mtu mwenye kitu chochote kwenye ngozi anatazamwa mara mbili, hata kwenye daladala. Na kuna ambao wakiona vipele moja kwa moja wanawaza VVU, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema.

TabibuRau (Moshi)

Umelisema vizuri. Ni kweli kwamba vipele vya kuwasha visivyoisha na soriasisi inayotokea ghafla kwa ukali vinaweza kuwa dalili ya VVU, lakini hilo huamuliwa na kipimo cha damu. Vitiligo na ukurutu wa tangu utotoni havina maana hiyo.

WakiliThemi (Arusha)

Ninaongeza upande wa sheria kwa kifupi. Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila raia fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Wakati huo huo, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966, jeshi lina mamlaka mapana ya kuamua nani anafaa kuandikishwa. Kuna pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na matangazo ya JKT ya mujibu wa sheria huwaelekeza wahitimu wenye ulemavu wa kuonekana waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, ambako kuna miundombinu ya kuwahudumia. Ugumu wa magonjwa ya ngozi ni kwamba yako katikati. Hayahesabiki kuwa ulemavu ili yapate ulinzi huo, na hayahesabiki kuwa afya njema ili yapite usaili.

AfandeMstaafu (Moshi)

Wakili, ukiwafungulia wote mlango wa kudai, jeshi litajazwa na kesi. Chombo cha ulinzi lazima kiwe na haki ya kuchagua.

WakiliThemi (Arusha)

Kichague, afande, sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni sababu iliyoandikwa. MangiMajengo angeambiwa kwamba ni dawa, angekubali siku ile ile. Binti wa MamaSoweto angeambiwa kwamba ni jua, angeuliza kuhusu kazi za ofisini, mawasiliano au uhasibu.

DadaSakina (Arusha)

Ninawashukuru wote. Bado sijapata jibu moja, ila nimejua maswali ya kwenda nayo kliniki. Jambo la mwisho linalotugawa nyumbani: baba anasema kijana asitaje chochote JKT mpaka aulizwe, mama anasema ajitokeze siku ya kwanza.

KurutaWaJuzi (Arusha)

Ajitokeze. Mganga wa kambi akikujua mapema, ukienda kwake na kiwiko kinachotoa maji hatakuona mtoro wa kazi. Abebe kopo kubwa la mafuta, nakala ya cheti cha kliniki, na fulana za ndani za pamba za kubadili.

AfandeMstaafu (Moshi)

JKT ya mujibu wa sheria, ndiyo, ajitokeze, kwa sababu si usaili wa ajira. Kwenye usaili wa JWTZ ajibu kweli kila anachoulizwa, lakini asianze yeye kwa kutoa barua mfukoni kabla hata hajakimbia. Wamwone kwanza akikimbia.

TabibuRau (Moshi)

Hapo tunatofautiana, afande. Barua nzuri haisemi tu kwamba hauambukizi. Inaeleza ugonjwa ulipo, dawa anazotumia, mara ya mwisho ulipolipuka, na kwamba hatumii dawa yoyote ya kushusha kinga. Msaili akiwa nayo kabla ya shati kuvuliwa, anajua anachokiangalia. Dada, aje kliniki wakati ukurutu umelipuka, asije akiwa amepona, ili nitakachoandika kiwe ni kile nilichokiona.

MamaSoweto (Moshi)

Tabibu, na binti yangu naye nimlete? Na wakili, hiyo barua ya kuomba sababu ya maandishi inapelekwa kwa nani?

WakiliThemi (Arusha)

Anza na ofisi iliyotoa tangazo la usaili ule, mama. Taja tarehe na mahali usaili ulipofanyika na namba ya binti kama alipewa, ambatisha cheti cha tabibu akishampima hisia za mabaka, omba jibu kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.